Mdudu Asiye na Mabawa

Mgeni njoo, mwenyeji afe. Ndivyo methali ilivyogeuzwa Molle Huayqo mwaka ule, na hakuna aliyecheka. Mgeni alikuwa Don Eleuterio Colque, mpuliza dawa wa wilaya, aliyeingia kijijini na bomba mgongoni kuwaua vinchuka waliokaa kwenye kuta za watu. Mwenyeji alikuwa Deysi, mtoto wa miaka miwili. Jicho lake moja lilivimba likazibika, homa ikampanda, moyo ukashindwa, wakamzika mahindi yakiwa bado mabichi shambani.

Vinchuka ni mdudu mstaarabu. Hungoja watu walale ndipo atoke kwenye ufa wa ukuta. Hunyonya damu bila kuumiza, kisha hunya palepale aliponyonya, na mtu akijikuna au akifikicha jicho, vimelea vilivyomo kwenye kinyesi kile huingia mwilini. Mtu mzima huweza kuishi navyo miaka mingi, na siku akianguka shambani watu husema ameuawa na moyo. Mtoto mdogo anaweza asipewe hiyo miaka.

Sajini Casiana Terrazas wa upelelezi alikuwa amebakiwa na siku moja. Kesho yake asubuhi gari la mahabusu lingekuja kumchukua Don Eleuterio kumpeleka gereza la mjini, na mkulima akishaingia kule, hakimu humsahau kama mtu anavyosahau mwavuli. Shtaka lilikuwa kwamba alipulizia maji badala ya dawa, dawa yenyewe akaiuza, na kwa sababu hiyo mtoto akafa. Ushahidi ulikuwa mzito. Baada ya yeye kupita, wakaguzi wa ofisi ya serikali ya kuboresha nyumba walikuja wakakuta vinchuka hai karibu kila nyumba ya Molle Huayqo.

Alianza na mshitakiwa. Alimkuta kwenye benchi la mahabusu, shavu limejaa majani ya koka, kofia magotini. Casiana akamuuliza nani alichanganya dawa.

"Mimi. Nani mwingine anataka kuunusa uvundo ule?"

"Wanasema uliiuza kwa wakulima wa viazi."

"Basi waulize viazi."

Habari hiyo Casiana alikuwa ameshaifuata mpaka mwisho wake. Chupa iliyokutwa nyumbani kwa shemeji wa Don Eleuterio ilikuwa dawa ya viazi kweli, ya dukani, yenye rangi nyingine na harufu nyingine. Mwenye duka alimkumbuka vizuri yule shemeji, kwa kuwa alibishana naye mpaka wateja wengine wakaondoka. Njia ile ilikuwa imefungwa.

"Kuna mahali hukupulizia?" akauliza.

Shavu likaacha kutafuna. "Nilipulizia kila kitu."

"Kila nyumba?"

"Kila kitu."

"Na mabanda? Na vizimba vya kuku?"

Don Eleuterio aliutazama ukuta wa mahabusu kana kwamba naye unadai kupuliziwa. "Andika kila kitu, sajini."

Casiana aliandika. Akaondoka akijua kwamba mtu asemaye kweli haisemi mara tatu.

Kule Molle Huayqo Casiana alipokewa na Don Hilarión Montaño, kiongozi wa umoja wa wakulima, mtu mrefu mwenye koti la sherehe na maneno mengi. Yeye ndiye aliyeweka mkono kwenye malalamiko dhidi ya mpuliza dawa. Alitaka kujua kama sajini amekuja kumkamata mdudu, na kama ana pingu za saizi yake.

"Nikimpata mwenye mikono, zitamtosha," Casiana alisema. "Nipeleke kwa bibi yake mtoto."

Nyumba ya Doña Melchora Sejas ilisimama peke yake ng'ambo ya mfereji, nyuma ya shamba la njegere. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo kama nyingine zote, lakini kuta zake zilipigwa lipu mpaka kwenye dari, zikapakwa chokaa, zikawa nyeupe hadi zinaumiza macho. Juu yake kulikuwa na bati jipya. Doña Melchora alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mwenye sketi nyeusi na shali nyeusi, anamenya viazi. Deysi alikuwa mjukuu wake. Mama wa mtoto, Zulma, alikuwa Uhispania akitunza wazee wa watu, na alikuwa amesikia kwa simu kwamba mpuliza dawa ndiye aliyemuulia mwanawe.

Bibi hakuinuka. Alisema mlango uko wazi, waingie.

Casiana aliwasha tochi akaanza na kona. Alikuwa na kisu chembamba na karatasi nyeupe, akapita ukuta hadi ukuta, akichokonoa pale lipu ilipokutana na mbao za dirisha, akiikinga karatasi chini. Aliishusha picha ya mtakatifu akaitazama mgongoni. Aliivuta kalenda, akalichunguza shina la kila mguu wa kitanda. Karatasi ilibaki nyeupe.

"Mtoto hakufia ukutani," Doña Melchora alisema kutoka mlangoni. "Unautafuta nini?"

"Mdudu alikutwa wapi, mama?"

"Kwenye nyasi za godoro la Deysi. Muuguzi ndiye aliyemchukua."

Casiana alitoa mfukoni kichupa alichopewa na huyo muuguzi wa zahanati. Ndani yake kulikuwa na vinchuka mmoja, mkubwa kama mbegu ya boga, mkavu. Don Hilarión aliinama, akatikisa kichwa, akaeleza kwamba jambo lenyewe halina fumbo. Wadudu hawa hutoka porini wakiruka kufuata taa. Wanapenda taa kuliko vijana wanavyopenda ngoma. Na kama mpuliza dawa angeweka dawa badala ya maji, huyu angetua ukutani akafa.

"Shika," Casiana alisema, akampa kichupa. "Nionyeshe mabawa yake."

Don Hilarión alikigeuza kichupa huku na huku. Akakisogeza kwenye mwanga. Mwishowe akakirudisha.

"Huyu hajakomaa," Casiana alisema. "Mabawa huota mwisho. Hakuruka. Na kutembea, angetembea akavuka mfereji wa maji?"

"Basi alizaliwa humu humu," Don Hilarión alisema upesi. "Ndivyo tulivyosema tangu mwanzo. Yule mjinga alipulizia maji, wadudu wakaendelea kuzaana."

"Kama alizaliwa humu, yako wapi mayai? Yako wapi maganda aliyoyavua akikua? Penye vinchuka, ukuta huwa na michirizi, myeusi na myeupe, kama mtu amekung'uta kalamu ya wino." Akaupiga ukuta kwa kiganja. "Anayekula hunya, Don Hilarión. Hata wewe. Huyu alikula humu, lakini hakuishi humu."

Pale mlangoni kisu cha viazi kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Casiana alisema anataka kuona nyumba nyingine zilizopewa bati na ofisi ile ya kuboresha nyumba. Don Hilarión alikuwa na sababu nzuri za kutokuziona: wenyewe wako mashambani, mbwa ni wakali, wanawake wa siku hizi hawapendi kushtukizwa. Wakaenda. Wenyewe walikuwepo, mbwa walilala kivulini, na kila mwanamke alifungua mlango akawa na jibu tayari mdomoni kama mtoto aliyekaririshwa sala. Ndiyo, mkaguzi aliwakuta. Wanono. Wabaya. Maji matupu yule mtu aliyapulizia. Mmoja alipoombwa aonyeshe ni wapi hasa, alionyesha kwenye kapu la sufu. Mwingine alionyesha robota la nguo. Wa tatu alionyesha godoro, halafu akajirekebisha akaonyesha tena godoro lilelile.

Kuta zao zilikuwa na nyufa, hazikuwa na lipu ya Doña Melchora, na michirizi ilikuwepo. Lakini ilikuwa ya zamani, imefifia, imekauka, na ilibanduka kwa ukucha. Chini ya nyufa kulikuwa na mizoga ya wadudu, mikavu kama pumba.

Walipotoka nyumba ya mwisho, Casiana aliketi juu ya ukuta wa mawe wa zizi la kondoo akakitoa tena kichupa. Don Hilarión alisimama mbele yake, anageuza kofia.

"Nyumba zote, mkaguzi alikuta wadudu kapuni, nguoni, godoroni," Casiana alisema. "Ukutani hakukuta hata mmoja. Vinchuka ni mdudu wa ukuta. Umewahi kusikia samaki wote wa mto wamekutwa juu ya miti?"

"Mimi si mtaalamu wa wadudu."

"Wala mimi. Nimezaliwa nao tu, kama wewe." Akakigonga kichupa kwa kidole. "Udongo wenu hapa una rangi gani?"

"Kijivu. Kila mtu anajua."

"Vinchuka akiwa mchanga hujimwagia vumbi mgongoni, afanane na mahali anapoishi. Tazama vumbi la huyu."

Lilikuwa jekundu. Don Hilarión aliliangalia, kisha akakumbuka kwamba leo ni zamu yake ya maji na kwamba lazima akageuze mfereji kabla jirani hajamuibia.

"Yatakungoja," Casiana alisema. "Nani anakaa kwenye udongo mwekundu?"

Kutoka pale zizini ulionekana ukingo wa bonde uliochimbwachimbwa, mwekundu kama kidonda, na tanuri la matofali lililozimwa siku nyingi. Moshi wa jiko ulikuwa unapanda kando yake. Ilikuwa nyumba ya Doña Fortunata Vallejos, mjane wa mfyatua matofali, na bendera nyeupe mlangoni ilitangaza kwamba siku hiyo chicha, pombe ya mahindi, imeiva.

Doña Fortunata alikuwa mnene, mchangamfu, mikono yake imefika viwikoni ndani ya mtungi wa pombe. Alimwambia Casiana anywe kwanza, maana polisi mwenye kiu hukamata yeyote anayemtangulia. Casiana alipokea kibuyu, akaimwagia ardhi sehemu yake kama inavyopasa, akanywa, akasifu. Walizungumza juu ya bei ya mahindi na juu ya binti wa nyumba, aliyeolewa majuzi, harusi ambayo watu wanaisema mpaka leo.

"Mlikula nini?" Casiana aliuliza.

"Simbilisi. Wa kukaanga, na viazi, na pilipili. Niliwachinja wote. Nilisema binti ni mmoja tu, simbilisi watazaliwa wengine."

"Banda limebaki tupu?"

"Tupu kabisa. Hata buibui amehama."

Nyuma ya jiko kitu kilipiga mluzi mwembamba. Kikapigiwa mluzi wa kujibu, kisha ikawa kelele nzima ya kwi-kwi-kwi, ile wanayoipiga simbilisi wakisikia mwenye kuwapa majani. Doña Fortunata alichukua kifuniko cha mtungi akakiangusha sakafuni kwa kishindo, akaanza kuimba.

"Hao ndio waliofufuka," Casiana alisema, akasimama.

Mlango wa banda ulikuwa wa ubao, umefungwa kwa kamba ya ngozi. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mkojo. Simbilisi walitawanyika pembeni, weupe, kahawia, wenye madoa. Kuta zilikuwa za udongo mwekundu usiopigwa kitu, zimepasuka kama kisigino cha mchungaji, na kutoka kila ufa ilishuka michirizi mibichi, myeusi na myeupe, mmoja juu ya mwingine. Mayai yalikuwa yameganda kwenye mbao kama ulezi uliomwagika. Maganda matupu yalijaa chini. Casiana alimulika tochi ndani ya ufa mmoja, na ufa ukarudi nyuma, wote, kwa miguu.

Alifunga mlango. Akanawa mikono kwenye ndoo, taratibu, mara mbili.

"Don Eleuterio alilipita banda hili," alisema.

Doña Fortunata alikuwa ameacha kuimba. "Nilimwomba mimi. Dawa ingewaua wanyama, na harusi ilikuwa mlangoni. Ni baba wa ubatizo wa binti yangu yule. Ulitaka aniue simbilisi wa harusi ya mwanawe wa ubatizo?"

"Kwa hiyo ukabaki na vinchuka, wewe peke yako kijiji kizima."

"Si kosa kisheria."

"Si kosa. Kisha ukawakopesha watu."

"Sikukopesha mtu," Doña Fortunata alisema, na safari hii aliumia kweli, kama mtu aliyeitwa mlanguzi. "Ilikuwa ayni."

Basi ikatoka. Molle Huayqo, ng'ombe wa kulimia huenda kwa ayni, mikono ya kuvunia huenda kwa ayni, mbegu huenda kwa ayni. Leo kwangu, kesho kwako, na kitu hurudi vilevile kilivyokwenda. Ofisi ya kuboresha nyumba ilikuwa imetangaza kwamba bati na saruji vitapewa nyumba ambayo baada ya kupuliziwa bado ina vinchuka, kwa kuwa hiyo ndiyo imeonekana haiponi kwa dawa. Nyumba isiyo na mdudu haina haki ya bati. Wanawake wakaitafakari habari hiyo kisimani. Baada ya hapo wakaja mmoja mmoja, kila mtu na kopo lake. Doña Fortunata aliwapa wanono, mkaguzi akaja akawaona akatikisa kichwa akaandika, na alipotoka wadudu wakarudishwa, wakaenda nyumba inayofuata. Hakuna aliyemtoza mwenzake chochote. Alisema hilo mara mbili.

"Na niliwatunza," akaongeza. "Kila mtu nilimwambia, usiwaweke ukutani, ukutani watakufa. Waweke kwenye nyasi, kwenye nguo, halafu..."

Akasimama hapo. Mkono wake ulikuwa bado hewani, unaonyesha ukubwa wa kopo.

Chicha ilichemka mtungini, ikatoa povu.

"Ukutani watakufa," Casiana alirudia. "Kwa hiyo mlijua dawa ni dawa. Siku mnamlalamikia mtu kwamba alipulizia maji, mlijua."

"Mimi sikumlalamikia. Mwulize huyo aliyeweka mkono."

Don Hilarión alikuwa anaichunguza kofia yake ndani, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kimeandikwa humo. Nyumba yake nayo ilikuwa na bati jipya.

Casiana alirudi kwa mwanamke. "Doña Melchora aliwarudisha wote?"

"Mmoja alipotea. Alisema amekufa, amekanyagwa, hajui. Akataka kunipa kuku. Nikamwambia ayni hulipwa kwa kitu kilekile." Alifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta ilipokwisha kukauka. "Nilimdai mdudu, sajini. Wakati mtoto ana homa, mimi nilikuwa namdai mdudu."

Casiana alirudi bandani, akamkamata vinchuka mmoja hai kwa kibano, akamtia kwenye glasi, akaifunika kwa kitambaa. Akamwambia Don Hilarión atangulie.

Doña Melchora alikuwa amemaliza viazi, anasubiri maji yachemke. Hakuuliza glasi ni ya nini. Casiana alichota kiganja cha udongo mbichi kwenye mfereji, akaibandika glasi kwenye ukuta mweupe, mdomo wake ukutani, akakivuta kitambaa na kuizungushia udongo ukingoni ishike. Vinchuka alianguka, akajigeuza, akaanza kuupanda ukuta.

"Tukae," Casiana alisema.

Wakakaa. Bibi alitia viazi chunguni, na chumvi, akakoroga. Don Hilarión alijaribu kusema habari za mvua, hakuna aliyempokea. Viazi vilikuwa havijalainika mdudu alipoanza kuyumba. Alipanda hatua mbili akashuka tatu, kama mtu anayetoka harusini kwa watu. Mguu mmoja ukaanza kutetemeka peke yake. Kisha akaanguka mgongo chini, akabaki anakanyaga hewa, polepole, polepole zaidi.

"Dawa ya Don Eleuterio iko ukutani kwako mpaka leo," Casiana alisema. "Aliyemweka yule mwingine godoroni alilijua hilo. Ndiyo maana hakumweka ukutani."

Doña Melchora alikitoa chungu motoni kwa ncha za shali, akakiweka chini bila kumwaga tone.

"Wakaguzi hutazama godoro kwanza," alisema. "La mtoto ndilo lililokuwa na nyasi nyingi. Niliwaweka watano. Mtoto alikuwa kwa jirani mchana ule. Mkaguzi alipoondoka nikaokota wanne. Nilizitoa nyasi zote nje, nikazikung'uta moja moja. Sikumwona. Nikajiambia amekwenda ukutani, ameshakufa. Unapajua mahali pa kujificha mdudu kuliko mdudu mwenyewe?"

Casiana akauliza kwa nini. Aliuliza kwa sababu swali lilikuwa na mahali pake kwenye maelezo.

"Kwa nini." Bibi alilionja neno lile kama chumvi. "Tazama lipu hii. Udongo niliubeba mimi, mavi ya farasi nikayakanyaga mimi kwa miguu hii, chokaa akainunua Zulma kwa kufuta vinyesi vya wazee wa watu. Niliziba kila ufa. Mkaguzi akaja mara ya kwanza, akaitazama nyumba, akanipa mkono. Hongera, mama, nyumba safi, ya mfano. Kwa hiyo hustahili bati. Paa la nyasi linamvujia mtoto usoni, lakini ni paa la nyumba ya mfano. Ng'ambo kule mtu ambaye hajainua hata kijiko cha udongo akapewa bati na mlango. Nikamwambia mkaguzi, bwana, sasa mimi nifanye nini? Akasema atapita tena, kama hali itabadilika." Alimtazama mdudu kwenye glasi. Hakuwa anatikisika tena. "Nikaibadilisha hali."

Casiana alisema maelezo hayo yatamtoa Don Eleuterio, lakini lazima yasemwe mbele ya mwendesha mashtaka leo, kabla gari halijaja, na akiyasema, atakuwa ameyasema dhidi yake mwenyewe.

Hapo Don Hilarión akaipata sauti yake. Alipiga goti mbele ya kigoda cha bibi, akamwita mama, akazungumza vizuri, kwa upole, kama anavyozungumza kwenye mikutano. Hakuna haja ya mwendesha mashtaka. Jambo hili ni la nyumbani. Kesho yeye ataitisha mkutano, Doña Melchora apige magoti mbele ya watu na mbele ya mke wa Don Eleuterio, aombe radhi, watu wamsamehe, wagawane koka. Kila mtu anajua desturi: likishaombewa radhi, neno limefungwa, halitoki nje ya kijiji, halirudiwi hata kwa ulevi. Yeye ataondoa malalamiko, mpuliza dawa atarudi kwake, na hakuna atakayekuja kuhesabu mabati ya mtu.

"Malalamiko hayaondoki kwa koka," Casiana alisema. "Mtoto alikufa. Mwendesha mashtaka atataka kusikia ni kwa vipi."

"Atasikia ni bahati mbaya. Mama, sema neno moja tu. Nisameheni. Hata Zulma hatalazimika kujua."

Doña Melchora alisimama. Alichukua kofia yake nyeupe ukutani, akaifunga utepe mweusi upya, akaivaa. Alimwambia Casiana kwamba atasema yote: aliyeazima, aliyetoa, aliyelipita banda, aliyeweka mkono kwenye karatasi huku akijua, na yule bwana wa hongera. Atamtaja kila mtu kwa jina lake na la baba yake.

"Watakuja kung'oa mabati," Don Hilarión alisema. "Kijiji kizima, mama. Mvua zinakuja. Watoto wa watu."

"Waanze na langu."

"Basi omba radhi kwanza. Kwa ajili ya nafsi yako. Tukusamehe, halafu ukitaka uende."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka, akamtazama akiwa bado amepiga goti mbele ya kigoda kitupu.

"Mkinisamehe mtalala usingizi," alisema. "Siombi radhi."